Mwezi Tuliofilisika kwa Furaha

Mwezi wa saba mwaka wa tisini na moja, hapa Muhima, mtaa wetu wa Kigali, watu arobaini na mmoja walifilisika kwa mkupuo, na wote wakafurahi! Hakuna aliyelia. Hakuna aliyejinyonga. Jioni zile tulinunuliana bia, fukara kwa fukara, tukacheka mpaka mwenye baa akaomba tupunguze.

Ukidhani napiga chuku, njoo kibandani kwangu nikuoneshe karatasi yangu ya ufukara. Nimeitundika pembeni ya kioo. Ina sahihi, ina tarehe, na imegongwa mhuri wa duara.

Mimi ni kinyozi. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi ndiye ninayezikata, kwa hiyo najua nani amebakiwa na ngapi. Basi siku moja bwana Silvère, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja akakaa kwenye kiti changu, akajitazama kiooni kama bwana harusi.

"Kinyozi, nyoa za pembeni zote, za juu niachie. Nataka kichwa cha mtu anayesimamia mali."

"Mali za nani?"

"Za watu. Wewe nyoa tu."

Nikanyoa. Wakati mwingine najilaumu.

Silvère alikuwa mpima misumari. Miaka kumi na mmoja alikaa juu ya stuli katika duka la vifaa vya ujenzi la Hadji Twahiru, kwenye mteremko wa kwenda Nyabugogo. Anapima, anafunga kwenye karatasi, anakabidhi. Karatasi zenyewe Hadji alizinunua kwa kilo, magazeti ya zamani na vitabu vya wazungu waliohama. Kwa hiyo Silvère alikuwa msomi wa aina yake. Alijua nusu ya kila habari duniani, maana nusu nyingine ilikuwa imeondoka na misumari.

Sasa kwenye rundo moja akakuta kijitabu cha Kifaransa kinachofundisha jinsi ya kujiandaa kwa kazi ya usimamizi huru wa mali za watu. Huru, yaani huna bosi. Unakaa, matajiri wanakuja, unawaambia pesa yao ilale wapi, nao wanakulipa kwa kuwaambia! Alipogundua ameshika lulu, alikuwa ameshachana sura ya tano na kumfungia jirani yetu mama Béatha misumari ya bati. Zikabaki sura nne.

"Nne zinatosha," akasema. "Hata Injili ni nne!"

Na msimcheke sana. Mwaka ule faranga ilikuwa imeshushwa thamani. Mtu alilala na pesa zake, akiamka anazikuta zimekonda. Habari za redio zilikuwa za kukata hamu ya kula. Mtu anayejidai kujua dawa ya pesa kukonda, nani asingemsikiliza?

Hadji Twahiru asingemsikiliza, huyo ndiye.

"Hadji," Silvère akamwambia, "kuanzia leo mimi ni mtu huru."

"Kwani ulifungwa?"

"Nitasimamia mali za matajiri. Nizilinde, nizikuze, nizishauri."

"Pesa inashauriwa, sha, ndugu yangu?"

"Inashauriwa sana, Hadji."

Hadji akazungusha tasbihi yake punje tatu. "Basi sawa. Stuli yako nawekea wewe mwezi moja. Tarehe moja ya mwezi wa nane kama hauko hapa asubuhi, naweka mtu mwingine. Iko watu kumi wanaitaka."

Mkewe, Pudentienne, fundi cherehani mwenye maneno machache yenye ncha, hakupiga kelele. Kodi ya nyumba na unga wa ugali vilitoka kwenye stuli ile, naye alijua. Akamwambia, "Mteja mmoja. Mmoja tu, anayelipa. Usipompata mpaka tarehe hiyo, unarudi kwenye stuli kwa miguu yako mwenyewe, mchana kweupe, na hayo mavazi ya ukubwa unayotaka kununua yakiwa mwilini, watu wote wakiona."

"Mmoja? Mke wangu, nitakuletea ishirini!"

"Lete mmoja."

Ikaanza sura ya kwanza. Kijitabu kilisema mteja hamkabidhi mali yake mtu anayefanana na shida. Silvère akateremka Nyabugogo kwenye mitumba, akarudi na suti ya kijivu yenye mistari. Suti nzuri, kusema kweli. Tatizo, mwenyewe wa kwanza alikuwa mtu wa kilo mia na ishirini, na Silvère wetu, akinyeshewa mvua, hana hamsini na tano.

"Nipunguzie kiuno," akamwomba mkewe.

"Utanenepa ukishatajirika," akajibiwa. "Si vizuri kupunguza kitambaa cha tajiri."

Basi mkono wa kushoto ukawa wa kushikilia suruali. Mkono wa kulia ukashika brifkesi nyeusi ya ngozi, nayo ya mitumba, yenye kufuli la namba. Siku ya kwanza kabisa akatia ndani chapati mbili na parachichi moja, akaifunga, ko! Ikafunga kweli. Namba za kuifungulia aliondoka nazo mwenyewe wa kwanza, huko aliko. Chapati na parachichi vikawa mali iliyohifadhiwa kwa usalama mkubwa kuliko zote Kigali.

Sasa fikiria mwenyewe. Mkono mmoja suruali, mkono mmoja brifkesi. Wa kusalimia uko wapi? Na hapa kwetu mtu asipokupa mkono, hata kama anakudai, unaona amekutukana na ukoo wako! Silvère akawa anapita njiani akiinamisha kichwa tu, kidogo, hivi, kama askofu. Mtaa ukaanza kunong'ona.

"Silvère hatoi mkono tena?"

"Hatoi."

"Ana suti na brifkesi, ameacha kazi kwa Hadji, na hatoi mkono. Huyo ameajiriwa na serikali!"

"Serikali sehemu gani?"

"Sehemu gani ya serikali ambayo haitoi mkono? Ya kodi!"

Nani aliuanzisha uvumi huo? Usiniulize. Kinyozi huongea na watu wengi kwa siku.

Sura ya pili ilihusu uhuru, nayo aliimaliza kwa siku moja, kwa kuacha kumwamkia Hadji. Sura ya tatu ilitaka ajulikane. Akachonga mhuri wa mpira, wa duara, wenye jina lake na nyota katikati. Halafu akatundika kibao juu ya mlango wa chumba chao cha mbele, herufi nyekundu, kwa Kifaransa kirefu ambacho kwa lugha yetu ni hivi: SILVÈRE, MSIMAMIZI HURU WA MALI KUBWA, MAKAO MAKUU. Chini ya kibao hicho Pudentienne aliendelea kushona sare za shule na kubandika viraka.

Sura ya nne ndiyo iliyotumaliza. Ilisema: mjue mteja kabla hujamshauri. Mwandalie fomu. Muulize ana nini, wapi, na kiasi gani. Usibishane naye! Andika anachosema, msomee, weka sahihi, mwachie nakala.

Silvère akachapisha fomu yenye maswali thelathini, akanunua karatasi za kaboni, akaanza mazoezi kwa mkewe.

"Jina?"

"Hulijui?"

"Mimi nalijua. Fomu hailijui."

"Pudentienne."

"Mali?"

"Hakuna."

"Na cherehani hii?"

"Andika nimeazimwa na dada yangu."

"Mume?"

"Yupo."

"Faida yake?"

Pudentienne akatoa sindano mdomoni ili aseme vizuri. "Andika: inasubiriwa."

Kijitabu kilikataza kubishana, akaandika. Sahihi, mhuri, po! Nakala akapewa, naye akaikunja akaiweka chini ya cherehani. Hiyo ilikuwa fomu namba moja.

Kesho yake akaanza na samaki mkubwa. Mama Béatha huuza maharage kwa jumla, ana nyumba tatu za kupangisha, na ana friji ambayo mtaa mzima tunaisikia ikinguruma. Silvère akafika mlangoni, akainamisha kichwa kiaskofu. Mama Béatha akanyoosha mkono, mkono ukakaa hewani peke yake kama nguo kwenye kamba. Akautazama, akaitazama brifkesi, akaiona fomu. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya njia, nikaona uso wake ukizeeka miaka kumi kwa sekunde tatu!

"Karibu, mwanangu," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Karibu kwenye njaa yetu."

"Mama, nimekuja tujue una mali gani."

"Mali? Yewe! Mali gani?"

"Kuna zile nyumba tatu."

"Za marehemu, mwanangu."

"Marehemu nani?"

"Usinikumbushe!" Akafuta jicho kavu kwa ncha ya kitenge.

Silvère akaandika: za marehemu. "Na haya magunia?"

"Ya parokia. Mimi nayalinda tu, kwa ajili ya Mungu."

Wakati huo huo friji ikaamka, nguuu! Silvère akageuka. Juu ya friji palikuwa pametupiwa shuka, na juu ya shuka, rozari.

"Na hiyo?"

"Shangazi," akasema mama Béatha, bila haya hata kidogo. "Kifua kinamsumbua."

Yampaye inka, naapa kwa aliyenipa ng'ombe! Silvère akasimama, akaiinamishia friji kichwa, akaitakia afya njema. Kisha akaandika: mali, hakuna. Akamsomea, akatia sahihi, akagonga mhuri, akamwachia nakala. Mama Béatha akaishika ile nakala kwa mikono miwili, akaisoma mara mbili, na ile miaka kumi ikarudi ilikotoka.

Haikuisha saa moja, habari zilikuwa zimefika mpaka stendi. Kwamba mtu wa kodi mwenyewe anapita, na ukimwambia huna kitu anaandika huna kitu, hakufokei, hafungui kabati, na anakupa karatasi ya mhuri!

Jamani! Mtaa ulihama bila kuhama. Magodoro yakapanda darini. Redio zikazikwa kwenye maharage. Mwenye baa akageuza kreti za bia kifudifudi akaweka juu yake picha ya Bikira Maria, akasema ni altare. Mimi nina vioo viwili na mashine ya umeme ya kunyolea. Vioo nikavigeuza ukutani, mashine nikaitia mfukoni, nikamwambia Silvère nanyoa kwa wembe wa msaada. Ndiyo fomu namba saba, hiyo niliyoitundika pembeni ya kioo.

Lakini mwamba wa wote alikuwa Hadji Twahiru. Silvère alikwenda kwake dukani, akasimama mbele ya ile stuli yake mwenyewe, miaka kumi na mmoja ameikalia, na nyuma yake mapipa ya misumari.

"Hadji, tuanze na duka."

"Duka gani?"

"Hadji. Duka hili."

Hadji akageuka, akaangalia rafu, mabati, makufuli, rangi za ukuta, kama anaziona mara ya kwanza maishani. "Hii? Hii vitu ya rafiki. Ameacha hapa kidogo, anarudi."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Rafiki iko na safari ndefu."

"Na ile pikapu ya Peugeot?"

"Pikapu gani? Ile ni banda ya kuku." Na kweli, nyuma ya Peugeot kulikuwa na kuku sita, wamefungwa miguu ili wasitoke kazini.

Mshipa wa shingo ukamsimama Silvère. Misumari ile aliijua mmoja mmoja! Lakini kijitabu kilisema usibishane, na sasa yeye hakuwa tena mpima misumari, alikuwa mtu wa taaluma. Akameza mate, akaandika: mali, hakuna. Po!

Wiki ya tatu alikuwa na fomu arobaini na moja. Kila asubuhi watu walipanga foleni Makao Makuu kuja kukana mali zao. Hata mama muuza mchicha, asiye na kitu kweli, alikuja kudai mhuri, akasema na yeye ana haki ya kufilisika kama wengine.

Silvère alikuja kwangu kunyolewa akiwa amenyong'onyea. "Kinyozi, sielewi. Wateja ninao, wanapanga foleni! Lakini mali haipo. Kumbe mtaa huu ni maskini kiasi hiki? Nimekaa na mafukara miaka yote bila kujua. Usiku silali, nawaonea huruma."

Nikataka kumwambia. Wallahi nilifungua mdomo. Halafu nikakumbuka mashine iko mfukoni mwangu, nikaufunga.

Usiku ule nikamsikia Pudentienne kupitia ukutani. "Béatha alikuambia nyumba ni za marehemu?"

"Ndiyo, maskini. Hata jina lake hawezi kulitaja."

"Marehemu gani? Béatha hajaolewa hata siku moja!"

Nikasikia kitanda kikilia. Kisha Silvère: "Labda ndiyo maana inamuuma."

Ikafika tarehe thelathini na moja. Siku ya mwisho! Vumbi la kiangazi, jua kali, na Silvère amesimama chini ya kibao chake, suruali mkononi, brifkesi mkononi, akimsubiri yule mteja mmoja. Tangu wiki ya pili brifkesi ilikuwa imeanza kunuka. Yeye akasema ni ngozi halisi.

Saa nne asubuhi akatokea mtu mwembamba, shati la mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, daftari kubwa kwapani. Anaitwa Kamanzi. Huyu sasa ndiye alikuwa karani wa kodi wa kweli, amekuja kukagua patente, ile leseni ya biashara tunayolipa kila mwaka kwa daraja: mdogo daraja la chini, mkubwa daraja la kwanza. Mwaka ule alikuwa na mpango wa kutupandisha madaraja.

Akaanza kwa mama Béatha. Mama Béatha kabla ya kuulizwa akatoa karatasi. Kamanzi akaisoma. Akaja kwangu, nikatoa karatasi. Kwa mwenye baa, karatasi. Kwa Hadji Twahiru alikuwa amekuja kumpandisha madaraja mawili mazima. Hadji akamletea karatasi kwenye sinia, na kahawa.

Kamanzi akafuta jasho. Alikuwa na kilima kizima cha kuzunguka, na hapa kazi imeshafanywa! Maswali thelathini, ya ofisi yake yalikuwa tisa tu. "Fomu safi sana," akasema. "Hata ofisini hatuna kama hii. Nani amejaza?"

Vidole arobaini vikaelekea upande mmoja.

Silvère akamwona mtu mwenye daftari anakuja moja kwa moja Makao Makuu, nyuma yake mtaa mzima. Mteja! Na kijitabu kilikuwa kimeonya: tajiri wa kweli havai vizuri, huvaa shati la mikono mifupi.

"Wewe ndiye Silvère? Msimamizi wa mali kubwa?"

"Ndiye! Karibu, mzee, karibu kwenye ofisi."

Nilikohoa. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu anayekufa. Silvère akanitazama kwa hasira, akafikiri naharibu biashara.

Kamanzi akafungua daftari. "Kazi hii unaifanya peke yako?"

"Peke yangu! Mimi ni huru, sina bosi."

"Wateja wangapi?"

"Arobaini na mmoja! Kwa mwezi mmoja tu. Mwakani, mia nne."

"Mia nne," Kamanzi akaandika. "Mali unazosimamia ni ndogo au kubwa?"

"Soma kibao, mzee."

Kamanzi akasoma kibao. Akaandika. "Makao makuu. Kwa hiyo yapo na matawi?"

Hapo mtu mwenye akili angesita. Silvère alivuta pumzi ya kujaza ile suti yote. "Tawi Kabeza, karibu na uwanja wa ndege, kwa wateja wanaoshuka na ndege. Tawi lingine nafikiria Kimironko."

"Na ndani ya brifkesi?"

"Siri za wateja. Haifunguki mbele za watu."

Kamanzi akainama, akanusa, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. "Zinaonekana za muda mrefu."

"Mali ikikaa, inaiva, mzee."

Karani akapiga mstari chini ya hesabu yake, akachana karatasi, akampa. Silvère akaipokea akitabasamu, akidhani ni mkataba. Akasoma. Tabasamu likabaki pale pale, ila mwenyewe hakuwepo tena.

"Patente, daraja la kwanza," Kamanzi akasema. "Pamoja na faini ya kufanya kazi mwezi mzima bila leseni. Hongera, ndugu. Kilima hiki chote, wewe ndiye tajiri peke yako."

Mikono ya Silvère ikalegea yote miwili. Brifkesi ikaanguka, na suruali ikaifuata.

"Mimi?" akalia, akiokota suruali. "Mimi sina kitu! Mzee, mimi mpima misumari! Ulizeni! Jamani, semeni! Mama Béatha, sema!"

Basi hapo ndipo pagumu. Tukisema Silvère si mtu wa maana, karatasi zetu zinakuwa nini? Za kufungia misumari. Tukatazamana. Niliona aibu, nakiri. Lakini mashine ya umeme ilikuwa mfukoni.

"Ni tajiri," mama Béatha akasema taratibu. "Hatoi hata mkono."

"Tajiri sana," mwenye baa akaongeza.

"Mimi namjua zaidi," akasema Hadji Twahiru. "Aliacha kazi kwa duka yangu…" Akashtuka, akameza kahawa. "Kwa duka ya rafiki. Alisema iko huru."

Kamanzi akaingia ndani kutafuta kitu cha kushika kama dhamana. Kitanda kimoja, viti viwili, na cherehani. Macho yake yakatua kwenye cherehani. Silvère akapauka! Kibao kilikuwa cha Silvère, lakini mtoto wa nani asiyevaa sare iliyotoka kwenye cherehani ile? Mwenye baa akavua kofia.

Pudentienne hakusimama. Akainua mguu wa cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa karani. Kamanzi akasoma kwa sauti: "Fomu namba moja. Pudentienne. Mali: hakuna. Cherehani: ameazimwa na dada yake. Mume: yupo. Faida yake…" Akasita, akamtazama Silvère kuanzia kichwani hadi kwenye suruali. "Inasubiriwa."

Akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. Akampa Silvère muda wa miezi sita kulipa, akaenda zake.

Kesho yake, tarehe moja, saa mbili asubuhi, mchana kweupe, Silvère alipita katikati ya mtaa na suti yake, brifkesi mkononi. Ahadi ni deni, na Pudentienne alikuwa amesimama mlangoni kuhakikisha. Tulijipanga pande zote mbili za njia. Akafika kwa Hadji, sisi sote nyuma yake, akapanda kwenye stuli, akavuta mizani.

Hadji akachukua nyundo akalivunja kufuli la brifkesi kwa kumsaidia. Chapati zilikuwa zimeota manyoya. Parachichi lilikuwa limeisha lote, lakini kokwa lake lilikuwa limepasuka katikati na kutoa mzizi mweupe mrefu kama kidole.

"Angalia," Hadji akasema. "Iko kitu moja umekuza."

Silvère akakiangalia kile kimzizi kwa muda. Ghafla akanyanyua kichwa, macho yanawaka! Kumbe katika matembezi yale alikuwa anapiga hesabu.

"Hadji! Karani alitaka kukupandisha madaraja mawili. Hukupanda. Kwa nini? Kwa fomu yangu! Mama Béatha, kwa fomu yangu! Kinyozi, kwa fomu yangu! Nyote nimewalindia mali, tena kuliko msimamizi yeyote Ulaya! Kazi nimeifanya! Nilipeni asilimia yangu. Ndogo tu, ya kulipia patente."

Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililotuumiza. Hadji akazungusha tasbihi, safari hii punje kumi nzima. Kisha akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa karatasi, akaikunjua juu ya kaunta.

"Sha, Mungu anajua napenda kulipa wewe," akasema kwa huzuni. "Lakini soma mwenyewe. Nitatoa wapi?"

Silvère akatuangalia mmoja mmoja. Na mmoja mmoja, wengine kwa haya, tukatoa karatasi zetu. Wateja arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kumlipa. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, akagonga mhuri.

Wakati huo mama Béatha alikuwa amesogea kwenye kaunta na kifurushi. "Nilikuja kubadilisha misumari hii," akasema. "Mwezi uliopita ulinipa mifupi."

Silvère akamwaga misumari kwenye mizani. Ikabaki karatasi, kwa Kifaransa, sura ya tano, na mstari wake wa kwanza ulisema: Chukua malipo yako kabla hujaandika hata neno moja.

Akaisoma mpaka mwisho. Akainyoosha vizuri kwa kiganja. Kisha akapima kilo mbili za mirefu, akaifungia kwa karatasi ile ile, akampa mama Béatha. Na kwa kuwa suruali sasa ilikuwa imekaliwa, akampa na mkono.

"Unajenga nini, mama?"

"Nyumba ya nne," mama Béatha akasema. "Ya marehemu."